Nyumba nzima inajikuna, na tyubu moja imepakwa kila mahali

Jambo Muganga,

Ninaandika kwa simu ya bwana yangu, unisamehe kama maneno yatachanganyikana. Tunakaa hapa Bukavu, Kadutu, nyumba ya vyumba viwili. Tuko mimi na bwana, watoto wanne, mamkwe, pamoja na shemeji yangu anayeuza nguo sokoni.

Mtoto wetu mkubwa, Ushindi, ana miaka 14, anasoma bwenini. Alipokuja likizo ya Pasaka alikuwa anajikuna katikati ya vidole na kiunoni. Nikafikiri ni kunguni wa kule. Alikaa kwetu, analala godoro moja na wadogo zake, akarudi shule, na sisi tulibaki wazima. Halafu katikati ya Mei, tukiwa tumeshasahau habari zake, ndipo wote tulianza. Mchana afadhali. Usiku, mtu akishajifunika blanketi tu, ni vita. Mtoto wa mwisho ana miezi 7. Hana homa, ananyonya vizuri, lakini usiku analia na kusuguanisha miguu. Kwenye nyayo na viganja ametoka vipele vya maji, na vingine vimeanza usaha.

Mamkwe anasema ni sambaza, kwa kuwa wakati uleule tulianza kununua samaki kwa mama mwingine. Anataka pia tujipake petroli na salfa, kama walivyofanya wao zamani. Bwana yangu anasema kuna mtu ametutupia kitu. Jirani naye amesema, kwa sauti ambayo avenyu nzima imesikia, kwamba upele ni wa watu wasiooga. Muganga, mimi ninapanda na bidoni za maji kila siku, na hawa watoto ninawasugua kwa sabuni ya kufulia mpaka wanalia!

Kijana wa farmasi aliniuzia tyubu ndogo, akasema inatibu yote: kuvu, vijidudu, na muwasho. Kweli, baada ya siku tatu muwasho ulishuka. Nikampaka kila mtu. Mimi nilikuwa na duara mbili tumboni, nazo zikafutika. Tyubu ilipoisha kila kitu kilirudi, tena kwa hasira. Zile duara sasa hazina hata umbo la duara, zimesambaa mpaka mgongoni. Nikanunua nyingine, na nyingine tena.

Binti yangu wa miaka 8 ana mabaka meupe mashavuni, hayawashi. Mmoja kaniambia ni ukosefu wa vitamini, mwingine kataja ukoma, na tangu siku hiyo sipati usingizi. Shemeji naye amechukua tyubu moja, anaichanganya kwenye losheni yake, anasema uso unang'aa.

Sasa shule imemrudisha Ushindi nyumbani, asirudi mpaka apone, na mitihani ya mwisho wa mwaka imekaribia. Bwana anataka tuchome magodoro na nguo zote. Pesa ya kununua mengine hatuna. Niambie, hiki ni kitu gani, tuchome au tusichome, na mtoto atafanya mtihani?

Mama Ushindi, Kadutu

*

Mama Ushindi, usiruhusu mtu akaribie godoro na kiberiti. Hakuna kinachohitaji kuchomwa hapo kwako, na pesa ya magodoro mapya ingepotea bure, kwani ugonjwa haukai sana kwenye magodoro. Unakaa kwenye ngozi zenu.

Kwa jinsi ulivyoeleza, naona nyumbani mwako kuna mambo manne ambayo yamechanganywa yakawa moja. Kuna upele wenyewe, ule ambao kwenye vituo vya afya vya hapa utasikia wakiuita gale. Kuna choa, ambacho ni kuvu, tumboni kwako. Kuna mabaka ya binti. La nne ni hiyo tyubu, ambayo sasa imekuwa ugonjwa kwa upande wake. Mtu wa afya lazima awatazame kwa macho, mimi ninasoma barua tu. Lakini habari ya mtoto kutoka bwenini, kimya cha wiki kadhaa, kisha nyumba nzima kuanza kujikuna usiku, mganga yeyote aliyewahi kufanya kazi Kadutu, Goma au kwingine ambako watu wanalala wamebanana ataitambua kabla hujamaliza kusimulia.

Ili tuelewane, nikuambie kwanza ngozi imekaaje. Ina tabaka tatu. La juu kabisa halina mshipa hata mmoja wa damu, na ndiyo maana ukichubuka kidogo tu hutoki damu. Chembe zake huzaliwa chini, husukumwa juu polepole, zikifika juu zimeshakufa na kukauka, kisha hupukutika. Safari hiyo huchukua karibu wiki nne. Kule chini zinakozaliwa ndiko zinakokaa pia chembe zinazotengeneza rangi yetu. Tabaka la kati ndilo lenye nguvu: lina nyuzi zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi, mishipa ya damu, neva zinazohisi muwasho na maumivu, vifuko vya jasho, mashina ya nywele. Chini yake ni mafuta. Unene hutofautiana sana. Ngozi ya kope za macho ni nyembamba mno, ya nyayo ni nene mara nyingi zaidi, na ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko yako kila mahali. Shika hilo la unene, nitalirudia nikifika kwa shemeji yako.

Mdudu wa upele anaishi humo juu, kwenye ngozi iliyokwisha kufa. Jike halifiki hata nusu milimita. Linachimba njia yake ndani ya tabaka hilo, linatembea humo, linataga mayai mawili au matatu kwa siku, na mayai yanaanguliwa baada ya siku tatu au nne. Sasa angalia ajabu yake: mtu mzima mwenye upele wa kawaida huwa na wadudu wachache sana mwilini, kumi au kumi na watano hivi. Kumi na watano tu, na mtu anajikuna kuanzia shingoni hadi vifundoni! Kinachowasha mwili mzima ni mwili wenyewe, unapokataa mate, mayai na kinyesi cha mdudu. Na mwili huchelewa kuvitambua. Kwa anayeupata mara ya kwanza, muwasho huanza wiki nne hadi sita baada ya wadudu kuingia. Hesabu mwenyewe kutoka Pasaka hadi katikati ya Mei. Ninyi hamkuwa wazima, Mama Ushindi. Mlikuwa mmeshaambukizwa, mnalala vizuri, hamjui.

Kwa hiyo mwambie mamkwe, kwa heshima zote, kwamba sambaza wa Kivu hawana kosa. Yule mama wa samaki mrudishieni wateja wake. Bwana naye mwambie kwamba aliyewaletea kitu hiki anajulikana, ni mwanawe mwenyewe, naye aliletewa na mwenzake wa kitanda cha pili, bila ubaya wa mtu. Kuhusu jirani, mdudu huyu haulizi nani ameoga. Maji hayamfikii kwa sababu yuko ndani ya ngozi. Anapita kutoka mtu hadi mtu kwa ngozi kugusana muda mrefu, kama watoto wanavyolala godoro moja, mama anavyombeba mtoto, mke na mume. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha yake ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kuwa wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao. Hao wote si wachafu.

Hiyo sabuni ya kufulia iache leo. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni sehemu ya ulinzi wake. Sabuni kali inauondoa pamoja na mafuta ya ngozi, kisha ngozi kavu inawasha zaidi, na mahali palipochubuliwa ndipo vijidudu vya usaha vinapoingilia. Osha kwa sabuni laini, mkono mtupu, basi.

Ukitaka kuhakikisha kabla ya kwenda kituoni, mchukue Ushindi mchana mlangoni, penye mwanga. Fungua vidole vyake, tazama katikati, kisha upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Unatafuta kimstari chembamba, kilichopinda kidogo, urefu wake milimita tano hadi kumi, chenye rangi ya kijivu au nyeupe, mara nyingine na kidoti mwishoni. Ukiona mahali unapopashuku, paka wino wa kalamu juu yake, ngoja kidogo, halafu futa kwa pamba yenye alkoholi. Ngozi nzima itatakata, lakini kama ile ni njia ya mdudu, wino utakuwa umezama ndani na mstari utabaki. Usipouona usiseme hakuna upele, maana wakati mwingine mikwaruzo huwa imeufuta. Tazama pia kiunoni, kwapani, kwenye matako, sehemu za siri kwa wanaume, na kuzunguka chuchu kwa wanawake. Kwa mtoto mchanga ni viganja, nyayo, hata kichwani, na ulivyoeleza wako ndivyo kabisa.

Sasa tyubu. Chukua boksi lake usome maandishi madogo. Nina hakika karibu yote kwamba utakuta dawa tatu ndani: moja ya kuvu, moja ya bakteria, na ya tatu jina lake linaishia na "-sone" au ni "clobétasol". "Bétaméthasone" ndiyo ya kawaida zaidi. Hiyo ya tatu ni ya jamii ya kotizoni. Kazi yake ni kuunyamazisha mwili usikasirike. Haiui mdudu wa upele, haiui kuvu, haiui kitu chochote. Mbwa anabweka usiku, wewe unamfunga mdomo, unarudi kulala, na mwizi yuko jikoni. Ndivyo ulivyopata nafuu ya siku tatu. Wadudu walibaki, wakapata amani ya kuzaa, na zile dawa nyingine mbili za ndani haziwahusu hata kidogo.

Sisemi kotizoni ni sumu. Kuna watoto wenye pumu ya ngozi, ile inayokaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ngozi imekauka na kukunjamana, ambao bila dawa hiyo hawalali. Kwao ndiyo tiba, ikitolewa kwa kipimo, kwa siku zinazojulikana, na mtu anayefuatilia. Ninachogomba nacho ni hii desturi ya kuuza tatu ndani ya moja kwa kila anayeingia farmasi akijikuna. Muuzaji anashinda kila mara, kwa sababu mteja anaona nafuu haraka, na ugonjwa ukirudi anarudi naye.

Upele unatibiwa hivi. Kituoni watakupa mojawapo ya dawa tatu. Kuna losheni ya benzoati ya benzili, ambayo ndiyo inayopatikana zaidi kwetu na bei yake si kubwa. Kuna krimu ya pemethrini ya asilimia 5. Na kuna vidonge vya ivemektini, vinavyopimwa kwa uzito wa mtu na kumezwa mara mbili, siku saba hadi kumi na nne katikati. Vidonge hivyo hapewi mjamzito wala mtoto ambaye hajafika kilo 15. Losheni ya benzoati mara nyingi inakuja ikiwa ya asilimia 25, nayo kwa watoto lazima izimuliwe kwa maji kulingana na umri. Usikisie. Mwambie muuguzi akuandikie kwenye karatasi kipimo cha kila mtoto, na saa za kuiacha mwilini kabla ya kuosha, maana ya mtoto mchanga ni chache kuliko yako.

Kuliko dawa ipi mtapata, kilicho kikubwa ni kwamba mnapaka nyote siku moja. Nyote wanane, jioni moja, anayejikuna na asiyejikuna. Bwana akisema yeye hawashwi, mkumbushe zile wiki za kimya. Nyumba nyingi zinashindwa hapo tu: wanatibu watoto wiki hii, baba wiki ijayo akipata nafasi, bibi hataki, na mdudu anazunguka kutoka mmoja hadi mwingine mpaka watu wanasema dawa ni feki.

Ogeni, mjikaushe, mwili upoe kwanza. Kisha paka kuanzia shingoni kushuka hadi nyayo bila kuruka mahali. Watu wanapaka penye vipele tu, na hilo ni kosa, mdudu anatembea. Ingia katikati ya vidole vyote vya mikono na miguu, kitovuni, chini ya matiti, katikati ya matako, sehemu za siri. Kata kucha, na kwa mswaki wa zamani ingiza dawa chini ya kucha, kwa kuwa kila anayejikuna anabeba wadudu na mayai humo. Mtu akinawa mikono katikati ya usiku, apakwe tena mikono. Kwa mtoto mchanga unapaka pia kichwani na usoni ukikwepa macho na mdomo, kisha unamvalisha soksi mikononi asije akalamba. Na wewe unayenyonyesha, futa chuchu kwa maji kabla ya kumpa ziwa. Rudieni yote baada ya wiki moja au kama kituo kitakavyoelekeza, kuwakamata walioanguliwa baada ya mara ya kwanza.

Halafu utaniandikia kwamba mmepaka na bado mnawashwa. Najua, kila mtu anaandika. Wadudu wakifa, mizoga na mayai yao vinabaki ndani ya lile tabaka la juu mpaka lipukutike, nimekwambia linachukua karibu wiki nne. Muwasho unaopungua taratibu kwa wiki mbili hadi nne ni wa kawaida. Usipake dawa kila siku kwa hasira, itaunguza ngozi. Vikitokea vimistari vipya au muwasho ukizidi badala ya kushuka, hapo rudi kituoni. Na madoa meusi yatakayobaki si ugonjwa. Ngozi nyeusi ikivimba huangusha rangi yake chini, na kuisafisha huchukua miezi. Yasiwaletee hamu ya kununua krimu ya kuyang'arisha.

Magodoro sasa. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mtafiti mmoja wa Uingereza, Kenneth Mellanby, aliwalaza watu waliojitolea, mjini Sheffield, kwenye blanketi zilizotoka kwa askari wenye upele, wengine akawavalisha nguo za ndani za askari hao bila kuzifua. Wachache mno waliambukizwa. Serikali ilikuwa inatumia pesa nyingi kuua wadudu kwenye blanketi za jeshi, akaionyesha kwamba inapaswa kutibu watu. Mdudu akitoka mwilini hadumu zaidi ya siku mbili tatu. Kwa hiyo asubuhi baada ya kupaka, chukueni shuka, blanketi na nguo mlizovaa siku tatu za mwisho. Za kufua zifueni kwa maji ya moto, zianikwe juani, sasa kiangazi kimeanza. Kama maji hayatoshi, na najua hayo maji unayapandisha mgongoni, usijiue: zitie kwenye mfuko wa plastiki, funga kabisa, uweke kando wiki moja. Pasi ya makaa ikipita vizuri kwenye nguo nayo inatosha. Godoro litoe nje juani mchana, ulirudishe na shuka safi. Basi. Msianze kunyunyiza dawa ya mende kitandani, watoto watavuta.

Na mamkwe asivunjike moyo, ana nusu ya ukweli. Salfa iliyochanganywa kwa kipimo ndani ya vaselini ni tiba ya kale ya upele inayofanya kazi, na hadi leo waganga huitumia kwa watoto wachanga na wajawazito. Petroli ndiyo hapana kabisa. Inababua ngozi, mtoto anaivuta, na mnapikia makaa chumba hichohicho.

Kwa mtoto wa miezi 7 sitaki ungoje. Vipele vyenye usaha maana yake bakteria wameingia kwenye mikwaruzo, na hiyo ina dawa yake, tofauti na ya upele. Mpeleke kesho. Bakteria hao wakiachwa, mara nyingine figo huumia wiki chache baadaye. Kwa hiyo kwa watoto wote angalia uso uliovimba asubuhi au mkojo wenye rangi ya chai kavu. Ukiona, usipitie farmasi, nenda hospitali moja kwa moja. Homa, mtoto kulegea au kukataa ziwa, vilevile. Mwambie muuguzi wazi kwamba umempaka ile tyubu, mara ngapi na sehemu zipi. Usione haya. Ngozi ya mtoto ni nyembamba na mwili wake mdogo, dawa inaingia kwenye damu kwa wingi kuliko kwako, na wanahitaji kujua.

Tumboni kwako ni choa, nathubutu kusema. Kuvu hiyo nayo inakaa tabaka la juu, inakula ile ngozi iliyokufa. Kwa kawaida inachora duara yenye ukingo ulioinuka, wenye magamba, katikati pakiwa safi. Ukiipaka kotizoni, ukingo unazama, wekundu unaisha, na kuvu inasambaa bila mpaka wowote. Dawa ya kuvu ndani ya tyubu ilikuwepo, lakini mwenzake alikuwa anaiharibia kazi. Acha tyubu, omba krimu ya kuvu peke yake, klotrimazoli au mikonazoli, upake mara mbili kwa siku kuvuka ukingo kwa upana wa vidole viwili, na uendelee wiki moja au mbili baada ya kuona pamepona. Siku za kwanza patawaka zaidi kwa sababu umeacha kotizoni, vumilia. Kwa kuwa imeenea mgongoni, huenda wakakuongezea vidonge. Wapekue watoto vichwani pia. Ukiona mapunye, mahali nywele zimekatika na pana magamba, krimu haitoshi, kuvu iko ndani ya shina la nywele na inahitaji dawa ya kumeza.

Binti wa miaka 8, nakuomba ulale. Mabaka meupe hafifu mashavuni, yenye vigamba vidogo, yasiyowasha, ni ya kawaida sana kwa watoto wa umri huo, hasa wenye ngozi kavu. Si minyoo, si vitamini, hayaambukizi. Vaselini asubuhi na jioni, na miezi ya kusubiri. Lile neno ukoma lisikusumbue bila kulipima: mwambie afumbe macho, mguse taratibu kwa kiuzi cha pamba, mara kwenye baka, mara pembeni, aonyeshe kwa kidole ulipomgusa. Baka la ukoma mara nyingi limepoteza hisia, kwa kuwa ugonjwa huo unakwenda kwenye neva. Akihisi kila mahali, endelea na vaselini. Asipohisi, au ukiona shaka, mpeleke apimwe. Ukoma unapona, na dawa zake ni za bure.

Shemeji yako uso unang'aa kweli, hasemi uongo. Kotizoni inapunguza kazi ya chembe za rangi na kubana mishipa ya damu. Lakini inapenya hadi tabaka la kati na kuzidhoofisha zile nyuzi. Ngozi ya uso na ya kope, niliyosema ni nyembamba, ndiyo inayolipa kwanza: chunusi zisizoisha, vimishipa vyekundu, nywele usoni, na kama anapaka mwili mzima, michirizi mapajani na mikononi ambayo haifutiki tena hata aache. Kidonda kwenye ngozi ya namna hiyo ni shida kukishona na shida kupona. Kama ameipaka mwilini kwa miezi, asiikate ghafla peke yake, aende amweleze daktari, kwa sababu huenda mwili umepunguza kutengeneza kotizoni yake ya asili. Kama ni uso tu na wiki chache, aache leo. Hatakusikiliza wewe, shemeji hamsikilizi shemeji. Mpe simu asome mwenyewe.

Umeuliza kuhusu mtihani. Mtoto mwenye upele wa kawaida anaweza kurudi darasani siku inayofuata baada ya kupakwa vizuri mara ya kwanza, hata kama bado anajikuna. Muuguzi wa kituo akuandikie karatasi yenye tarehe ya tiba, muhuri na tarehe ya kurudia, umpe Ushindi aipeleke. Na wewe au baba yake mwandikieni msimamizi wa bweni, kwa adabu, kwamba ugonjwa alitoka nao huko. Wakimtibu yeye tu na wenzake wa chumba wakaachwa, atalala nao wiki mbili na mtaanza upya likizo kubwa. Wanatakiwa kuwapaka vijana wote wa bweni hilo usiku mmoja. Wakiona ni kazi kubwa, waende kuzungumza na kituo cha afya cha eneo lao, maana kwa bweni zima vidonge huwa ni rahisi kuliko losheni. Kama hawatafanya hivyo kabla ya mitihani, na kama kuna ndugu karibu na shule, Ushindi alale huko, aende darasani asubuhi na kurudi jioni mpaka amalize karatasi ya mwisho.